Siku Sita Kutoka Msitu wa Marsabit Hadi Ziwa Turkana

Kabla hatujaondoka mjini Marsabit, dereva wetu alihesabu mitungi ya maji mara tatu. Ni mzee wa Kigabra, mzaliwa wa pande za Maikona, na chakula hakikumshughulisha sana. Alichotaka kukiona kwa macho yake ni mitungi 6 ya lita 20 iliyojaa na kufungwa kwa kamba nyuma ya gari. Niliichukulia kuwa desturi ya mtu mzima anayependa uangalifu. Kufikia siku ya tatu, nami nilikuwa nikiihesabu kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 70,000, yaani inazidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa, lakini sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 459,785 tu. Rafiki zangu wa Nairobi waliposikia ninakokwenda, waliniuliza ninafuata nini mahali pasipo na kitu. Swali hilo nililibeba njia nzima, na kusema kweli liliniudhi zaidi kadiri nilivyozidi kuiona nchi yenyewe.

Mlima Marsabit husimama peke yake katikati ya ukame, hunasa ukungu wa alfajiri, na kwa ukungu huo umejistawishia msitu mzito wenye maziwa ndani ya vinywa vya volkano vilivyokwisha kuzimika. Humo ndimo alimoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe, na aliyekufa mwaka 1974. Tulikaa nusu siku tu. Msitu ule unastahili shajara yake, ila safari hii mimi nilikuwa nikiitazamia Chalbi, jangwa lililo chini ya mlima huo.

Barabara huteremka kutoka mlimani, na kila kilomita kadhaa miti hupungua na kufupika, mpaka unabaki na mawe meusi, kisha mchanga, kisha uwanda mweupe wa chumvi ambao jicho halina pa kuutulizia. Adhuhuri mazigazi yalitutandikia ziwa mbele yetu, lenye hata vivuli vya miti ufukoni, likawa linarudi nyuma kadiri tulivyosogea. Mzee alisimamisha gari, akashuka, akachakura udongo kwa kidole cha gumba, akaniwekea kiganjani vipande vya kombe za konokono wa majini, vyeupe na vyembamba kama ukucha. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi katika upande huu wa Afrika, Chalbi ilikuwa ziwa kweli. Hata leo mvua kubwa zikinyesha uwanda hujaa maji ya kina kifupi, na magari hayapiti. Nilizifunga kombe zile katika leso, kisha nikaona si haki, nikazirudisha zilipokuwa.

Kisimani ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Tulifika asubuhi, ngamia wakiwa wamepangwa mbali kidogo, makundi kwa makundi, wametulia kwa namna ambayo sikuitarajia kwa wanyama wenye kiu ya siku nyingi. Ndani ya kisima wanaume walikuwa wamesimama mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi juu kwa wimbo. Mkono uliopandisha ndoo iliyojaa ndio uliopokea ile tupu, na wimbo ukikatika kidogo tu maji humwagika. Hakuna aliyesukumana na mwenzake. Wazungumzaji wa Kiborana wana jina la mtu anayesimamia zamu za kunywesha, aba herega, na neno lake ndilo linalosema kundi lipi litangulie na lipi lingoje kesho. Nilimwuliza mzee kama mgeni aliyefika na mifugo kutoka mbali hufukuzwa. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la aibu. “Mwanangu, mtu mwenye kiu hafukuzwi,” alisema. “Anaambiwa zamu yake.”

Baada ya hapo sikuweza tena kuiona nchi ile kuwa tupu. Vijiji vimeachana kwa saa kadhaa za gari kwa sababu maji yameachana hivyo. Nyumba za Wagabra, zilizoezekwa mikeka na ngozi juu ya fito zilizopindwa, hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia pale malisho yanapokwisha, na uwanda unaoonekana hauna mwenyewe ni malisho ya msimu mwingine yanayopumzishwa. Ukikosa watu mahali, yaelekea wamepaacha kwa makusudi.

Kalacha na mikoma yake, kisha North Horr, tulizipita kwa haraka. Kuelekea Loiyangalani tulipata pancha mbili juu ya mawe ya volkano, na ya pili tuliifunga katika upepo uliotupokonya maneno midomoni. Upepo huo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyosimamishwa kusini mwa hapo. Halafu njia ikapinda, na Ziwa Turkana likatokea chini yetu lote kwa mara moja, la kijani cha zumaridi, bila mti hata mmoja ukingoni. Sikusema kitu kwa muda.

Mji mdogo wa Loiyangalani unaishi kwa chemchemi zinazobubujika chini ya mikoma. Ziwa lenyewe, ingawa ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya jangwani duniani, maji yake yana magadi na hayamkati mtu kiu. Mto Omo kutoka Ethiopia ndio unaoleta takriban asilimia 90 ya maji yake. Mwaka 2018 hifadhi za taifa za ziwa hili ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, kwa hofu kwamba Gibe III, bwawa la umeme lililojengwa kwenye mto huo, lingelipunguza ziwa. Kumbe miaka michache baadaye mvua nyingi za nyanda za juu zililijaza hadi likavuka kingo zake za zamani.

Walioumizwa zaidi na kufurika huko ni Waelmolo, jamii ya wavuvi ambayo haizidi sana watu elfu moja, na ambayo lugha yake ya asili ya Kikushi imekwisha kutoweka. Leo wanazungumza Kisamburu. Maji yalifunika makaburi ya wazee wao na mabomba yaliyokuwa yakiwaletea maji safi, na kijiji cha Komote kikageuka kisiwa. Ufukweni nilimkuta msichana akitengeneza wavu. Alipotabasamu niliona meno yake yamegeuka kahawia, kama ya wengi waliokulia kwa maji ya ziwa, kwa ajili ya floridi iliyomo. Nilijikuta nikizuia machozi, maana nyuma yake maji yalienea mpaka upeo wa macho.

Mashua ya kwenda Komote ilikuwa ikipakiwa. Mama mmoja alikuwa amekwisha kuketi, mtungi wake mmoja wa maji safi kati ya magoti, mkono juu ya kifuniko ingawa kilikuwa kimekazwa. Mzee wetu aliwapungia wangoje. Akaenda garini, akafungua kamba, akarudi na mitungi miwili tuliyoijaza chemchemini asubuhi ile, akaipanga miguuni pa yule mama. “Ahsante, baba,” mama alisema. Mashua iliposukumwa majini, mzee alirudi garini kuhesabu iliyobaki.