Dublin, mji wa mabilioni yanayopita

Kwenye orodha za pato kwa kila mtu, Ayalandi imeipita Marekani. Niliposhuka Dublin, binti wa mama mdogo alinipokea kituo cha basi na koti la mvua mkononi. Yeye ni muuguzi, na alikuwa ameshanionya kwenye simu: "Kaka, utalala sebuleni, na wenzangu watakuwa wanakuruka kwenda jikoni. Usije ukashangaa."

Nyumba ile wamepanga watu watano, wote wana ajira za maana. Kodi ya chumba chake humla karibu nusu ya mshahara. Benki zilipoanguka mwaka 2008, ujenzi ulisimama na mafundi wakahama nchi. Watu wakaendelea kuongezeka, nyumba hazikuwafikia tena.

Siku yake ya mapumziko alinipeleka Grand Canal Dock, kwenye maghorofa ya vioo ya Google na wenzake. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa zile orodha. Makampuni makubwa ya Marekani, ya teknolojia na ya dawa, yameandikisha Ayalandi hataza (haki za uvumbuzi) na haki za programu zao, kwa kuwa kodi ya makampuni ilikaa miaka mingi kwenye asilimia 12.5. Faida inayopatikana duniani kote huandikwa hapa, kisha huenda kwa wenyewe. Ni kama shaba ya Zambia inayopita bandari ya Dar es Salaam ihesabiwe kuwa mali ya watu wa Temeke. Mwaka 2015 pato la nchi liliruka kwa takriban asilimia 26, na hakuna mwalimu wala dereva aliyeiona robo hiyo mfukoni. Ofisi ya takwimu yenyewe iliona aibu, ikabuni kipimo kingine kinachoondoa hesabu za namna hiyo. Kikitumika, kinachobaki ni zaidi kidogo ya nusu ya pato lote linalotangazwa. (Hata ndege za kukodisha za mashirika mengi duniani zinamilikiwa na makampuni ya hapa. Huenda niliyokuja nayo ilikuwa mojawapo.)

Tukafuata mto Liffey mpaka Custom House Quay. Kuna sanamu za shaba za watu waliokonda, wanatembea kuelekea melini, mmoja amebeba mtoto mabegani. Ni kumbukumbu ya njaa iliyoanza 1845, iliyoua watu wapatao milioni moja wakati nafaka na mifugo ikiendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Vitabu vya biashara vya miaka ile havikuwa vitupu. Nyuma ya sanamu kuna mtaa wa mabenki, na wafanyakazi wanazipita na vikombe vya kahawa bila kugeuza shingo. Mimi nilisimama pale hadi dada akalalamika baridi.

Mtaa wa Bow, karibu na Smithfield, watawa Wakapuchini wanalisha watu tangu 1969. Niliona foleni, wengine wamevaa vizuri kuliko mimi. Mwaka 2025 waliokuwa kwenye makazi ya dharura nchini walipita 15,000, na zaidi ya 4,500 kati yao ni watoto.

Sisemi kwamba Ayalandi ni maskini. Maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa, na kila mtoto hupewa posho ya euro 140 kwa mwezi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ile namba ya juu ni yao. Mwaka 2024 mahakama ya Ulaya iliamua Apple iilipe Ayalandi kodi ya euro bilioni 13, na serikali ilikuwa imeshtaki miaka mingi ili isipewe fedha hizo! Nilimuuliza dada kama kazini wanalizungumzia.

"Wanazungumzia Australia," akasema. Mwenzake wa wodini, mzaliwa wa Dublin, amekosa nyumba ya kupanga na mwezi ujao anahamia Perth. Nafasi yake imeshatangazwa, na dada ameshamtumia tangazo rafiki yake aliyeko Muhimbili.