Siku moja maishani mwangu: nalima figili Kigamboni

Saa 10:30 alfajiri. Watu wakisikia nalima mboga Kigamboni wanafikiria mchicha na matembele. Ninavyo, na ndivyo vinavyonilipia ada za watoto. Lakini kuanzia Juni mpaka Septemba kazi yangu hasa ni figili, na wengi nikiitaja wananiuliza ndiyo nini. Ni mzizi mdogo wa mviringo, mwekundu nje, mweupe ndani, unawasha ulimi kidogo. Leo ni Ijumaa ya katikati ya Julai, kipupwe kimekolea, nimevaa koti la mume wangu. Baridi hii majirani wanailalamikia, mimi naisubiri mwaka mzima.

Nang'oa kwa tochi. Tuta la leo nililipanda siku 28 zilizopita. Figili ndogo hukomaa kati ya siku 25 na 30, na ikishakomaa haikungoji. Ukiiacha ardhini wiki moja zaidi inapasuka, au unaikata unakuta ndani imekuwa kama sifongo. Ndiyo maana sipandi shamba zima kwa mkupuo. Kila Ijumaa natoa tuta moja, napanda tuta moja.

Saa 12 asubuhi nina mafungu 60, yameoshwa, yamefungwa kwa ukindu, yamepangwa kwenye matenga chini ya gunia lililoloa maji. Bodaboda, pantoni, bajaji, soko la Kisutu.

Saa 3 nimeshauza zaidi ya nusu. Mteja wangu wa kwanza siku zote ni mama mmoja mtu mzima wa Kihindi. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, anachukua zile figili za aina nyingine, nyeupe ndefu, ambazo yeye anaziita muli. Hataki nikate majani hata kidogo kwa sababu anayapika. Anajua anachonunua, na akiondoka moyo wangu huwa mweupe.

Saa 5 akaja mnunuzi wa mgahawa mmoja wa mjini. Akashika fungu, akaligeuza, akatafuna moja palepale. Akasema tamu.

"Dada, nataka mafungu 40 kila wiki, mpaka Machi mwakani. Tuandikishane."

Nikamwambia kaka, mpaka Septemba nakupa bila wasiwasi. Oktoba nitakupa nikibahatika. Desemba mpaka Machi, hizi nyekundu sina.

Akacheka. "Mboga ya siku 25 unakosaje? Si unapanda tu?" Akatoa simu, akanionyesha kalenda ya upandaji. Imeandikwa figili hupandwa Machi mpaka Mei. Kalenda ya Ulaya! Machi yao baridi inaanza kulegea, ardhi inapata uvuguvugu. Machi yetu masika yanaanza kumwagika, mbegu zinasombwa na maji, na zinazobaki mizizi yake inaoza kwenye tope. Nikamweleza taratibu. Akaniambia mmea ni mmea.

Nikaanza upya. Figili raha yake ni nyuzi 10 mpaka 18 hivi. Hata Julai yetu, usiku ukishuka chini ya 20, bado tunaibembeleza tu. Sasa Februari mchana unafika 32 na usiku hakuna nafuu, joto linabaki kwenye 24 au 25. Figili ikipata joto hilo inaota majani mazuri kweli, halafu inarefuka, inatoa maua, na ukiing'oa mzizi ni mwembamba kama penseli na unawasha kama pilipili. Sikusimuliwa. Mwaka wa kwanza nilipanda matuta 6 Januari, nikavuna majani. Hela ya mbegu, hela ya samadi, mgongo wangu, vyote vilikwenda.

"Lakini Februari nimekula figili hapahapa Dar," akasema, kama amenikamata.

Nikamwambia aulize zilitoka wapi. Mboga nyingi za baridi zinazouzwa hapa mjini zinashuka kutoka Lushoto. Kule ni mlimani, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Mimi nalima usawa wa bahari, kwenye mchanga. Nikampa njia nyingine: zile nyeupe ndefu, zipo mbegu zake zinazovumilia joto, zinachukua siku 45 mpaka 60, na kwangu zinafika mpaka vuli. Hataki, anasema hazipendezi kwenye sahani. Akampigia bosi wake. Akaniambia nisubiri. Nikasubiri huku jua linapanda na majani yananyauka, nayamwagia maji ya chupa niliyonunua ninywe. Alipomaliza kuzungumza akachukua mafungu 12, akayapunguzia bei kwa kuwa majani yamelegea, na kabla hajaondoka akasema, "Dada, wewe kilimo hukijui vizuri." Adhana ya Ijumaa ndiyo iliyomwondoa.

Neno lile nilivuka nalo bahari.

Mchana kumwagilia. Nina matuta 14, kila tuta keni 4 za lita 10, kisima kiko upande wa barabara na shamba liko huku chini. Nabeba mbili mbili, yaani safari 28. Mchanga wetu una uzuri wake, mzizi unanenepa bila kizuizi, lakini haushiki maji. Ukiacha ukauke leo halafu kesho ukaulowesha kupita kiasi, figili zinapasuka zote. Kwa hiyo huwezi kusema umechoka, utamwagilia kesho. Safari ya kumi na ngapi sijui nilikaa chini kwenye ndoo, mabega yamekufa ganzi, nikabaki naangalia matuta. Yamejaa, yamesimama sawasawa, kijani kitupu. Hukijui kilimo.

Tuta jipya nilipanda kivuli kilipokuwa kirefu. Mwanangu mkubwa alikuwa ametoka shule, akanipigia mistari. Tunapanda moja kwa moja shambani, figili haihamishwi kama nyanya, mzizi ukisumbuliwa umeharibika. Kina ni nusu kiungo cha kidole. Samadi ni ile ya zamani iliyokwisha kuoza, mbichi inaleta majani mengi na mizizi yenye matawi. Na sipandi palipotoka chainizi au kabichi, ni ukoo mmoja na zina adui mmoja: vidudu vidogo vyeusi vinavyorukaruka kama viroboto na kuyatoboa majani kama chekeche.

Kisha kupunguzia tuta la wiki iliyopita, vidole vitatu kati ya mche na mche. Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea, wanaona huruma kung'oa. Figili zilizobanana hazifanyi mzizi hata kukiwa na baridi ya namna gani. Miche tuliyoing'oa niliitia tui la nazi, tukalia ugali.

Mwanangu ameandika 18/7 kwenye kijiti na kukichomeka kichwani mwa tuta. Akahesabu kwa vidole, akasema tutang'oa tarehe 15 Agosti, Ijumaa. Nikamwambia ndiyo hiyo. Mafungu 25 ya kwanza ni ya yule mama wa Kisutu na wenzake, majani yasikatwe.