Darasa la Pili wiki hii: anasoma, au amekariri?

Wazazi na walezi wangu, habari za Ijumaa. Mvua za masika hapa Morogoro zimetuvuruga kidogo. Jumanne na Jumatano watoto wanaovuka korongo walichelewa, wengine hawakufika kabisa, na waliowazuia nyumbani walifanya vyema. Maji yakijaa, mtoto asivuke. Somo tutamrudishia.

Kwenye Kusoma tumeingia silabi za mwambatano: mba, nda, nja, mbwa, ng'o. Ng'ombe ametusumbua sana, maana wengi wanairuka ile alama ya juu. Tutaendelea naye wiki ijayo.

Ila kuna jambo linaloninyima raha, nalo ni kukariri. Jana nilimwita mtoto mmoja mezani anisomee ukurasa wenye picha ya mama akichota maji. Alisoma mstari baada ya mstari bila kukwama, sauti safi kabisa, huku macho yakiwa dirishani. Nikafunika ukurasa kwa karatasi, nikaacha neno moja tu la katikati: ndoo. Akanyamaza. Akachungulia picha pembeni ya karatasi, akasema, "Mama."

Mtoto huyu si mvivu wala si mzito. Ukurasa ule ameusikia mara nyingi mno wenzake wakiusoma kwa pamoja, hadi umemkaa masikioni kabla macho hayajaujua. Darasa letu lina watoto 84. Kusoma kwa pamoja kunanisaidia kumgusa kila mmoja, lakini ubaya wake ndio huo: anayejua anambeba asiyejua, na mwalimu aliyesimama mbele anasikia sauti moja tu nzuri. Tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016, watoto ambao wangebaki nyumbani wanaingia darasani, na hilo nalifurahia kwa moyo wote. Kinachopungua ni dakika za kukaa na mtoto mmoja mmoja. Hapo ndipo ninapowahitaji ninyi.

Jioni mwambie akusomee, lakini usimwache aanze mwanzo wa mstari na kuteleza hadi mwisho. Weka kidole kwenye neno la katikati. Rudi nyuma, ruka mbele. Si lazima kiwe kitabu cha shule. Maandishi ya kwenye mfuko wa unga yanatosha, au kibao cha dukani mnapokwenda kununua chumvi.

Bibi mmoja aliniuliza getini, "Mwalimu, mimi mwenyewe sikusoma. Nitajuaje kama ananidanganya?" Nikamwambia, bibi, chagua neno moja akusomee, kisha songa ugali wako. Ugali ukiiva, rudi kwenye neno lile lile. Akikupa jibu jingine, ujue alikuwa anabahatisha. Juzi mjukuu wake amekuja kunishtakia: "Mwalimu, bibi ananirudisha neno lile lile kila siku!" Nilifurahi sana. Bibi asiyejua kusoma anafundisha kusoma, na mtoto ameanza kuyatazama maneno.

Akikwama, msimkemee, na msiwahi kumtajia. Mpe nafasi atamke silabi moja moja kisha aunganishe: ndo, o, ndoo. Ukimtajia haraka atalimeza kama lilivyo, na tutakuwa tumerudi kulekule kwenye kukariri.

Kuhesabu tupo kwenye kutoa kwa kufungua kumi. Niliandika 32 − 17, na nusu ya darasa wakapata 25. Waliona 2 haitoshi kutoa 7, basi wakageuza, wakatoa 2 kwenye 7. Tukashika vijiti: mafungu matatu ya kumi, na viwili pembeni. Tukafungua fungu moja, vya pembeni vikawa 12. Toa 7, vinabaki 5. Mafungu yamebaki mawili, toa moja, linabaki moja. Jibu 15. Kaka na dada wanaowafundisha "kopa kwa jirani" nawashukuru, ila naomba waanze na vijiti. Mtoto akishafungua fungu kwa mkono wake mwenyewe, ile njia ya kwenye karatasi haimsumbui.

Afya na Mazingira tumetundika kibuyu chirizi cha pili cha kunawia mikono karibu na vyoo. Dumu lipo, kamba ipo, kijiti cha kukanyaga kipo. Sabuni ndiyo inakwisha upesi. Mwenye kipande atusaidie.

Jumatatu kila mtoto aje na vijiti 40 vya urefu wa kidole, na kamba za mgomba za kufungia. Kazi ya kuandika ya wikendi hakuna, asome tu.

Leo nimewasomesha maneno kumi, mmoja mmoja. Ukikuta duara jekundu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, mtoto wako alikwama kwenye zaidi ya nusu. Usimchape. Njoo Jumatano baada ya masomo, nitakuwa darasani na kikundi hicho. Ukae naye dawati moja uone tunavyofanya.