Nilivyomfanya Cthulhu achekeshe

Kila niliyemwonyesha kurasa za mwanzo za katuni yangu ya Cthulhu, lile dubwana la hadithi za kutisha, alinipa ushauri uleule: mwongezee minyiri, mpe macho makubwa ya kitoto, mvike kofia. Nikafuata. Nikachora ukurasa mzima, Cthulhu yuko bafuni na kofia ya kuogea, minyiri imejaa povu. Rafiki yangu akautazama, akasema, "Anapendeza," akafunua ukurasa mwingine. Anapendeza! Mimi nilitaka ashike mbavu.

Ushauri ule ni mbovu na mpaka leo unaniudhi. Dubwana likishageuzwa mwanasesere, kichekesho kimekwisha, kwa sababu hakuna tena wa kuogopwa. Nikairudia hadithi yenyewe ya Lovecraft, mwandishi aliyembuni Cthulhu, iliyotoka mwaka 1928 katika jarida la Weird Tales, nikaisoma penseli mkononi. Kila nilichokuwa nakitafuta kilikuwa mle. Kichwa cha pweza, mwili wa magamba, mabawa. Amelala katika mji wa R'lyeh uliozama Pasifiki, anangoja nyota zikae sawa; anaamka, anagongwa na meli kichwani. Halafu ule mji! Baharia mmoja anamezwa na kona ya jengo: pembe kali iliyojifanya pembe butu.

Kona hiyo ndiyo iliyonipa ukurasa ninaojivunia kuliko yote. Cthulhu anataka kusogeza kitanda chake kwenye kona, basi. Nilimchora kwa heshima zote, vivuli vizito, uso haubadiliki hata chembe. Wala haongei, akifungua mdomo tu anakuwa jirani yako.

Fremu sita, tatu juu, tatu chini. Ya kwanza anapima kona kwa mnyiri mmoja. Ya pili anasukuma kitanda, kona imepanuka. Ya tatu imebana, kitanda kimenasa. Ya nne ipo chini kabisa ya ile ya kwanza, na hapo nikaweka rula pembeni: anasukuma kwa mabega, mstari wa juu wa fremu unapinda, na kitanda kinapenya kwenda juu. Mguu wa kitanda unatokeza kwenye sakafu ya fremu ya kwanza, karibu na unyayo wa Cthulhu, ndani ya kivuli. Ulikuwepo tangu mwanzo! Kuuchora huo mguu kulinimalizia karibu wiki nzima na karatasi sijui ngapi. Ukikolea wino, msomaji anauona mapema. Ukififia, hauoni kabisa. Dawa ilikuwa kuupitisha mistari ileile ya kivuli, kisha kuacha ncha yake tu nyeupe, ndogo kama punje ya mchele.

Nikampelekea rafiki yuleyule. Akasoma mpaka fremu ya nne, akanyamaza. Kidole chake kikapanda juu taratibu, kikafika kwenye ile ncha nyeupe, na kicheko kilichomtoka kilimfanya aweke karatasi chini.