Wageni Wanapofunga Mizigo

Masomo ya juma hili: Matendo 18:1-28, Matendo 20:17-38, Warumi 16:3-5

Wapendwa katika Bwana,

Mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi watu hutoka nyumbani asubuhi wakiwa wamejifunga makoti, vumbi limeyapaka majani yote rangi moja, na moshi wa nyasi zinazochomwa nje ya mji unaingia hata kanisani. Kwa ndugu yetu na mkewe waliotoka Ujerumani, ambako miezi hiyohiyo ndiyo ya joto na mapumziko, hiki ni kiangazi cha mwisho kati yetu. Wataondoka mwezi wa nane, kabla ya mvua na kabla ya maembe.

Tangu habari hiyo itangazwe, wageni wameongezeka nyumbani kwao kuliko miaka yote waliyokaa Katuba. Mmoja anauliza pikipiki itabaki na nani, mwingine anaomba godoro, na friji yao imekwisha kupata warithi wengi ambao kila mmoja anaamini ameahidiwa peke yake. Kuomba kumbukumbu kwa anayesafiri ni desturi yetu, wala si dhambi. Ila tukianza kuhesabu vyombo vya watu ambao bado wanavipikia, tunawaondoa kabla hawajaondoka. Nao wenye safari wana jaribu lao: mwili uko hapa, lakini moyo umekwisha kupanda ndege Luano, na mgonjwa anayebisha hodi usiku anaonekana kuwa shida ya mtu atakayekuja baadaye. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema jembe hilo arudishe lini.

Maandiko yanatuonyesha mume na mke waliohama mara nyingi. Akila alizaliwa Ponto, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, akakaa Rumi pamoja na Prisila mkewe, mpaka Kaisari Klaudio alipoamuru Wayahudi watoke katika mji huo, yapata mwaka 49. Walifika Korintho, wakashona mahema, na Paulo akafanya kazi na kulala kwao. Kisha wakavuka bahari pamoja naye hadi Efeso, ambako kanisa lilikutana nyumbani mwao. Klaudio alikufa mwaka 54, na Paulo anapowaandikia Warumi miaka michache baadaye, anawasalimu hao wawili wakiwa tayari wamerudi Rumi, nako vilevile kanisa linakutana nyumbani kwao.

Luka hakutuandikia siku waliyoagana na ndugu wa Efeso, lakini ametuachia habari iliyo karibu nayo. Kwa kawaida tunaposoma namna wazee wa Efeso walivyolia pale Mileto wakimwangukia Paulo shingoni, tunaona machozi tu. Lakini Paulo aliwaandikia Warumi kabla ya safari ile ya Mileto. Maana yake, wazee hao walitoka katika kanisa ambalo lilikuwa limekwisha kuondokewa na Akila na Prisila. Nyumba waliyozoea kukutania haikuwa tena na wenyeji wale, na bado kanisa lilikuwa na wazee wa kuitwa, wenye kundi la kulisha. Mtu fulani, ambaye jina lake hatulijui, alikuwa amefungua mlango wake.

Nadhani jibu la jinsi jambo hilo lilivyowezekana linaanzia kwa Apolo. Huyu alikuwa msomi wa Aleksandria, hodari wa kusema, mwenye kuyajua Maandiko, lakini aliujua ubatizo wa Yohana tu. Akila na Prisila walimsikia katika sinagogi, wakakaa kimya mpaka alipomaliza, kisha wakamchukua kwao na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mafundi wa mahema walimfundisha msomi bila kumwaibisha mbele ya watu, wala hawakumnyang'anya nafasi ya kusema. Mtu anayefundisha namna hiyo amekwisha kuanza kuondoka, hata kama bado ana miaka mbele yake.

Nimeona jambo la namna hiyo katika karakana ya useremala ambayo ndugu yetu ameisimamia. Tangu Pasaka hagusi randa. Anakaa juu ya kigoda karibu na mlango, mikono ameikalia kabisa, huku kijana aliyekuwa msaidizi wake akipima mbao, akipiga mstari kwa penseli na kukata. Siku moja msumeno ulitoka nje ya mstari na ubao mzuri ukaharibika. Mzee aliinuka nusu, akakaa tena. Kijana aliutazama ubao, akageuza upande wa pili, akaanza upya, na mguu wa meza ukatoka mfupi kidogo kuliko ulivyokusudiwa, kisha akaifupisha mingine mitatu ilingane nao. Meza hiyo sasa iko katika chumba cha shule ya Jumapili, na watoto wanaifikia vizuri kuliko ile ya zamani.

Mkewe, ambaye ni mkunga, ameanza na madeni. Anamlipa mlinzi wa usiku haki yake yote ya mwisho mapema, mbele ya mashahidi, na anawatembelea watu ambao waliwahi kukwazana naye. Paulo anatuagiza tusidaiwe kitu na mtu isipokuwa kupendana, na deni la neno kali lililosemwa miaka iliyopita husahaulika kwa urahisi, kwa sababu halimo katika daftari lolote.

Sisi tunaobaki tusijifanye wenyeji kupita kiasi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na babu zetu wengi waliletwa kutoka Kasai, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, kutoka Rwanda na Burundi. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920, mikataba mingi ya mgodini ilikuwa ya muda mfupi: mtu alikuja peke yake, akachimba, akarudi kwao. Kwa hiyo tunapowalilia hawa wawili, na tuwalilie, tukumbuke kwamba kuagana kumo katika damu ya mji wetu.

Tena Apolo mwenyewe hakukaa Efeso. Mara tu baada ya kufundishwa alitaka kuvuka kwenda Akaya, na ndugu hawakumwambia kwamba amepata elimu yao kisha anawakimbia. Walimtia moyo, wakawaandikia wanafunzi wa huko wampokee. Nasema hivi kwa sababu kijana wa karakana ameniambia kwamba amepata kazi Kolwezi na ataanza mwakani, naye anaogopa kulieleza baraza la wazee. Baraza linakutana Alhamisi. Nimemwomba katibu aje na karatasi yenye mhuri wa kanisa, ili barua yake iandikwe siku hiyohiyo, na kijana huyo ateue sasa mtu ambaye yeye naye atamfundisha akiwa amekaa juu ya kigoda.