Mapengo ya mikangazi hayazibwi kwa mche mmoja mmoja

Barabara ya bustani yetu imepangwa mikangazi, miti mikubwa ya mbao, kila upande, na ushauri tuliopewa na karibu kila aliyepita ulikuwa ule ule: mkangazi mkongwe ukianguka, ng'oa kisiki, panda mche palepale. Usiufuate. Mche ulio katikati ya miti wazee miwili hupata jua la saa sita tu. Unarefuka kama ufito, unalalia barabarani kutafuta mwanga, na maji unayoumwagilia yanawahiwa na mizizi ya majirani. Katika miche 18 tuliyopanda hivyo kwa misimu 3 ilibaki 4, yote imepinda.

Basi tukahamia nje ya kivuli. Kila upande wa barabara tulipima mita 8 kutoka ukingo wa matawi, tukachimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60, mita 10 baina ya shimo na shimo, debe moja la mboji kila shimo, tukapanda masika yalipokolea. Wazee wakiondoka, safu mpya itakuwa imesimama tayari, na barabara itapanuka.

Ila juani mkangazi mchanga una adui wake, kiwavi anayetoboa ncha. Ukiona unga wa kahawia na utomvu kwenye chipukizi la juu, kata chini ya tundu hadi ufikie sehemu isiyotobolewa, kisha choma ulichokata. Yatachipua machipukizi 3 au 4; bakiza moja lililonyooka. Ukichelewa utapata mti wenye panda, yaani shina lililogawanyika, na panda ndiyo hupasuka kwa upepo mti ukishakuwa mkubwa, watu wakiwa chini yake. Tulizungushia kila mche mbaazi, nusu mita kutoka shinani, kichwa cha mche tukakiacha wazi. Kivuli hicho cha ubavuni kilipunguza viwavi waziwazi.

Mpango wote umechorwa kwenye karatasi 3 zinazopitisha mwanga: leo, miaka 20, miaka 50, kila mti na duara la kivuli chake. Tulipozipandanisha, choo kilichopendekezwa kilikutwa katikati ya mizizi ya kesho, kikahamishwa.

Miti migeni yenye matunda yanayoliwa na ndege tuliifuta kwenye mpango. Kule Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, misizi, miti migeni huko, iliyopandwa imeingia msitu wa asili, mbegu zikibebwa na hondohondo.

Vibao vya namba tunavipigilia kwenye miti kwa misumari ya alumini, sentimita 3 zikiachwa nje, maana mti hunenepa na kukimeza kibao kilichobanwa. Namba huandikwa daftarini pamoja na mti mama ulikotoka mbegu, na nakala hukaa jengo jingine.