Kemo ya mdogo wangu na kiharusi cha baba: tulivyopanga nyumba moja yenye wagonjwa wawili

Mdogo wangu ana miaka 16 na anatibiwa limfoma ya Hodgkin, saratani inayoshika tezi, mara nyingi zile za shingo na kifua. Kemo, yaani matibabu ya dawa za kuua saratani, ikiwa katikati, baba akapata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Kila mgonjwa alipewa karatasi yake ya dawa, lakini dawa za mmoja zinaweza kumuumiza mwingine, na hilo ndilo tulianza nalo.

Baba anakunywa aspirini kila siku kwa sababu kiharusi chake kilitokana na mshipa ulioziba. Kwa kijana wa kemo, aspirini ni hatari: kemo inapunguza plakete, zile chembe zinazosaidia damu kuganda, na aspirini inazidhoofisha hata chache zilizobaki. Ibuprofeni na diklofenaki, dawa za maumivu, nazo tulizitoa kabisa. Sanduku la baba linakaa chumbani kwake, la mdogo kwingine, na mtu mmoja tu ndiye anayefungua la mdogo. Mtu huyo ni mimi. Mama ana kazi ya kutosha ya kumgeuza baba kitandani kila saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo.

Dawa za mdogo ni nne: doksorubisini (Adriamisini), bleomisini, vinblastini na dakarbazini; kwa kifupi zinaitwa ABVD. Anachomwa siku ya 1 na siku ya 15, na mzunguko mmoja ni siku 28. Ile nyekundu, doksorubisini, inageuza mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili. Hiyo si damu. Lakini ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, kwa hiyo nilimfundisha aseme papo hapo akisikia moto mkononi, hata kama muuguzi ana haraka. Dakarbazini haipendi mwanga. Serumu yake, ile chupa ya dripu, ifunikwe. Ndiyo inayotapisha zaidi, basi dawa ya kuzuia kutapika itangulie, isingojee atapike. Harufu ya ndakala, samaki wadogo, zikikaangwa inamgeuza tumbo, siku hizo tunampa uji mwembamba wenye unga wa karanga, kidogokidogo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni homa. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na wakati huo mdudu mdogo anaweza kuua kwa saa chache. Tunapima joto kwapani asubuhi na jioni, na kila akisikia baridi. Ikifika 38, tunatoka, hata usiku wa manane. Parasetamoli haipewi kabla ya kupima, maana inashusha joto na kuficha hatari huku ugonjwa ukiendelea. Bleomisini pia huweza kuleta homa na kutetemeka jioni ya siku ya dozi; hata hiyo tunampigia daktari, hatuamui wenyewe.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: kwenye kituo cha afya cha mtaa, homa inaitwa malaria, mgonjwa anapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Malaria inaweza kuwepo kweli, lakini haifuti maambukizi mengine. Omba vyote viwili, kipimo cha malaria na hesabu ya damu, na antibiotiki ya mshipa ianze bila kusubiri majibu yote. Mkoba wetu una nguo, pesa ya taksi isiyoguswa kwa jambo lingine, na karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa nne, tarehe ya dozi ya mwisho na simu ya daktari. Maneno "yuko kwenye kemo" yameandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa.

Wageni waliokuja kumpa baba pole walipokelewa nje, chini ya mwembe. Mwenye mafua, surua au tetekuwanga nyumbani kwake tulimwomba apige simu tu. Shangazi walinuna kidogo, wakaelewa.

Vinblastini inafunga choo. Maji, papai, na dawa ya kulainisha aliyoandika daktari. Kumtia dawa za kienyeji kwa njia ya haja kubwa, kama tulivyozoea huku kwetu, tulikataa kabisa: mkwaruzo mdogo pale unaingiza vidudu kwenye damu.

Kwa saa 48 baada ya dozi, mkojo na matapishi ya mdogo yana dawa. Tunashika kwa glavu, shuka zake zinafuliwa peke yake, na chombo cha baba cha kukojolea hakichanganywi na ndoo ya mdogo.

Daftari la joto mdogo analiandika mwenyewe. Anajua jina la ugonjwa wake na anajua hali ya baba. Kijana anayefichwa huanza naye kuficha homa. Anaandika pia kikohozi, kwa sababu bleomisini inaweza kuumiza mapafu, na moshi wa makaa unafanya watu waone kukohoa ni kawaida. Jiko tulilihamishia uani. Kikohozi kikavu au pumzi fupi akipanda ngazi, daktari anaambiwa kabla ya dozi inayofuata kutundikwa.